Hana Swali, Mheshimiwa

Vijana wangu, nasikia mmeajiriwa wapya kwenye makorti ya huku kwetu Migori na Homa Bay, na kwamba mmoja wenu anaulizia ninapoishi ili aje nimfundishe kazi. Asije. Kuku wangu hawapendi wageni, na yote ninayoyajua yanaenea kwenye karatasi hizi.

Kazi yenyewe mmeshaambiwa: karani wa korti. Mnaita kesi, mnatafuta faili lililopotea, mnaapisha mashahidi, na asiyeelewa lugha ya hakimu mnamtafsiria. Nimeifanya miaka thelathini na mmoja. Mama yangu alikuwa Mkuria wa Kegonga na baba yangu Mjaluo wa hapa Sindo, kwa hiyo nilianza ukalimani kabla sijaota meno ya utu uzima. Walipogombana, mmoja alinuna chumbani na mwingine jikoni, na mimi ndiye niliyepeleka maneno huku na huku. Baba akisema sentensi saba za matusi, mimi nilifikisha moja: "Baba anauliza chakula kiko wapi." Tulilala kwa amani. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Lakini kwanza niseme kuhusu waongo, maana najua ndilo mnalotaka kusikia.

Mkweli hujikwaa. Ukimuuliza saa, anakwambia ng'ombe walikuwa wametoka kunywa maji. Ukimuuliza umbali, ananyoosha mkono kuelekea mti ulio nje ya dirisha, na hakimu analazimika kuinuka kwenye kiti chake kuutazama. Muongo amejiandaa. Anakumbuka dakika, anakumbuka rangi ya shati, anakumbuka mbwa alikuwa amelala upande gani. Anaipanga nyumba nzima na kuitia samani. Nilikaa miaka mingi nikijisifu kwamba namjua muongo kabla hajairudisha Biblia mezani. Kisha siku moja pale Migori mwalimu mkuu mstaafu alisimama akasema ng'ombe wake waliibwa saa kumi na dakika saba, nikamcheka moyoni. Ikaja kuthibitika ni saa kumi na dakika saba. Mzee huyo alikuwa mtu wa saa. Watu wa kwao walisema hata harusi yake aliianza kabla bibi harusi hajafika. Kwa hiyo msijifanye mnajua nani anadanganya. Kujua ni kazi ya hakimu, na kazi yenu ni kumfikishia kila kitu ili ajue.

Kuapisha nako kuna vituko vyake. Mzee mmoja kule karibu na mpaka aliishika Biblia, akaigeuza nyuma na mbele, akaniuliza kwa Kikuria, "Hii ni ya korti ama ni ya polisi?" Nikamwambia ni ya korti. Akasema, "Basi leo nitasema ukweli." Watu wakacheka. Hakimu akauliza wanacheka nini. Nikajibu, "Mzee ameapa, mheshimiwa."

Mnaona nilivyofanya hapo? Mimi sikuona. Nilikuwa na sifa ya kunyoosha maneno. Shahidi akizunguka kijiji kizima kabla ya kufika kwenye jibu, mimi nilimpelekea hakimu jibu peke yake, limeoshwa, limepigwa pasi. Mahakimu walinipenda. Mmoja alisema mbele ya watu kwamba kesi za Madam Roselida huisha kabla ya chai. Nilitembea wiki nzima nikiwa nimeinua kidevu.

Mwenzangu Chacha hakupendwa na mtu. Alikuwa karani kwenye korti nyingine, Mkuria aliyeoa kwetu na kujifunza Dholuo kwa mama mkwe na shemeji zake, na alitafsiri kama mtu anayehamisha mayai. Kila kitu kilipita. Shahidi akisema, "Sasa, wajua, aa, ngoja kwanza," Chacha alitafsiri, "Sasa, wajua, aa, ngoja kwanza." Niliwahi kumsikia akimwambia hakimu, "Hapo amekohoa, mheshimiwa, kisha akaguna." Kesi ya kuku mmoja ilimchukua siku mbili. Tulimcheka sana, na mimi ndiye niliyeongoza.

Sasa nije kwa Okeyo.

Korti ilikuwa mojawapo ya hizo za kando ya ziwa, siitaji. Okeyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku na kulala mchana, na mchana mmoja ufuo mzima ulipokuwa umelala, mtu alimpiga mwenye boti mmoja kichwani kwa kasia na kuondoka na injini. Mwenye boti alipona, lakini hakumwona aliyempiga. Baada ya siku mbili injini ilipatikana kwenye ua wa mkonge nyuma ya boma la Mama Turfena, mjane, ambaye Okeyo alikuwa amemwoa binti yake. Okeyo akakamatwa kwa wizi wa mabavu. Hukumu ya kosa hilo ni kifo. Siku hizi hakuna anayenyongwa, lakini unakaa jela ukiingoja kamba isiyokuja mpaka uzeeke.

Shahidi aliyemuunganisha na injini hiyo alikuwa mmoja tu. Tulimwita Fundi, kwa sababu alitengeneza injini za boti. Hakuwa mtu wa huku. Alikuja kutafuta riziki, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha hakimu. Polisi walikuwa wamekuta tangi la mafuta la injini hiyohiyo kwenye kibanda chake. Jumatatu alikuwa mshukiwa. Jumatano alikuwa shahidi. Hakuna aliyeuliza Jumanne kulitokea nini.

Okeyo hakuwa na wakili. Hakupewa taarifa za mashahidi azisome kabla, ingawa Katiba inasema apewe. Kwa hiyo alichosema Fundi alikisikia kwa mara ya kwanza pale kizimbani, kutoka mdomoni mwangu.

Fundi alisema alikwenda kwa Mama Turfena kununua kuku, saa tisa na nusu. Mama hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kwa macho yake mawili alimwona Okeyo akifungua mlango wa chumba cha kulala cha mama mkwe wake, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu, akatoka na injini begani na kuipeleka kwenye mkonge.

Nilipotafsiri "chumba cha kulala cha mama mkwe," korti iliguna. Bibi mmoja kwenye benchi la nyuma alijifunika uso kwa leso. Ninyi wa huku mnajua, lakini huenda mmoja wenu ametoka mbali, basi nimweleze. Kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe. Haingii hata nyumba ikishika moto. Atasimama nje apige mayowe. Hawashikani mikono, hawatazamani ovyo, na kitanda chake hakitajwi kabisa mkwe akiwa karibu. Mwizi wa Kijaluo angeficha injini kituo cha polisi kabla hajaificha humo. Kila mtu kwenye yale mabenchi alijua Fundi ameongopa. Aliyekuwa hajui ni mmoja, na ndiye aliyeshika kalamu. Hakimu huyo alikuwa ametoka upande mwingine wa nchi, na alipiga meza akasema watu wanyamaze.

Kisha akaniambia nimuulize mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi.

Nikamuuliza. Okeyo akasema kwa Dholuo, polepole:

"Nimuulize nini mtu anayenipeleka chumbani kwa maro, mama mkwe wangu? Nikimuuliza kuhusu chumba, si na mimi nimekiingia kwa mdomo? Mama yangu huyo ataishi vipi na watu wakishasikia tunabishana hapa juu ya chumba chake? Wiya kuot. Naona aibu. Heri wanifunge."

Nami nikamgeukia hakimu, nikasema, "Hana swali, mheshimiwa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ilikuwa karibu saa saba na sote tulikuwa na njaa. Pia nilikuwa nimezoea. Lakini sababu ya kweli ni kwamba na mimi nina mkwe, niliona aibu ileile aliyoiona Okeyo, na sikutaka maneno hayo yapite kinywani mwangu mbele ya watu. Nilimstiri Mama Turfena, na katika kumstiri nikamfunga mkwe wake.

Zamu ya kujitetea ilipofika, Okeyo alisema neno moja, kwamba hakufanya. Mama Turfena hakuja, angewezaje? Katika hukumu hakimu alisoma kwamba ushahidi wa Fundi haukupingwa kwa swali hata moja. Alilirudia hilo mara tatu. Sikumlaumu, kwa maana ndivyo nilivyomwambia mimi. Kisha akasoma adhabu, na ikabidi mimi niigeuze Dholuo. Hiyo niliitafsiri yote, sikuacha kitu. Okeyo alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa na kusema, "Ero kamano."

"Amesema nini?" hakimu akauliza.

"Amesema asante, mheshimiwa."

Nilikwenda nyumbani nikapika samaki, sikula.

Mwaka ukapita na zaidi. Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinisukuma, lakini dhamiri yangu ilikuwa na ajira ya kudumu kama mimi, na haikuwa na haraka. Kilichotokea ni kwamba nilipelekwa wiki moja kusaidia kwenye korti ya Chacha, tukawa tunakunywa chai kwenye kibanda mkabala na lango. Nikamsimulia kesi ya Okeyo, na nilimsimulia kama habari ya Fundi, jinsi watu wanavyoweza kudanganya mchana kweupe.

Chacha alikuwa akikoroga chai. Akaniuliza, "Min Achieng', huyo kijana alisema nini hasa?" Aliniita hivyo, mama Achieng', kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilikuwa nayakumbuka yote.

"Na wewe ukaambia korti nini?"

"Kwamba hana swali."

Aliendelea kukoroga. Sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani.

"Basi hiyo kesi ilikuwa na mashahidi wa uongo wawili," akasema. "Na huyo Fundi angalau aliogopa jela. Wewe uliogopa nini?"

Nilikasirika vibaya sana. Nilimwambia yeye ni mzembe, ni konokono, na kwamba kwenye korti yake watu huzeeka wakisubiri kesi za kuku. Akanywa chai yake. Nilipomaliza akasema, "Ni kweli. Lakini mtu akisema kitu, mimi nakisema." Halafu akalipa chai ya wote wawili, jambo lililoniudhi zaidi.

Wiki hiyo hiyo niliandika hati ya kiapo. Okeyo alikuwa amekata rufaa kutoka jela kwa karatasi ya mkono iliyoandikwa na mfungwa mwenzake, na Mahakama Kuu ilikuwa imempa wakili wa bure, binti mdogo aliyebeba mafaili kwenye mfuko wa unga. Nilimpelekea hati yangu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, akaniuliza kama nimebakiza muda gani kustaafu. Nikamwambia miaka minne.

"Mama, uko sure?" akasema. "Hii wataiweka kwa faili yako wewe."

"Waiweke," nikasema.

Wakaiweka. Niliandikiwa barua nijieleze, nikajieleza, nikapewa onyo, nikaondolewa kortini na kupelekwa stoo ya mafaili. Huko niliishi na panya ambao walikuwa wamekula kesi nyingi kuliko mahakimu walivyozisikiliza. Bosi mmoja aliniuliza kwa uchungu kabisa kwa nini sikunyamaza, kwani nani angejua. Nilimjibu kwamba korti nzima ilijua, ni mheshimiwa tu aliyekuwa hajui.

Jaji aliifuta hukumu na kuagiza kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Nawaambia sasa hivi kwamba Okeyo aliachiliwa, msije mkasoma yaliyobaki mkiwa na wasiwasi. Ninachotaka mkione ni namna ilivyokuwa.

Karani aliyeletwa kutafsiri alikuwa Chacha. Mimi nilikaa benchi la nyuma kama raia, mkoba magotini.

Fundi alirudia hadithi yake, mlango wa bluu na yote. Safari hii wakili alimshikilia mlangoni. Mlango ulifunguka ndani au nje? Nje. Ulikuwa na kufuli? Ndiyo, kitasa cha shaba. Uko hakika? Hakika kabisa, alikiona kwa macho yake. Kila jibu Chacha alimgeuzia Okeyo kwa Dholuo, pamoja na kitasa.

Kisha wakaita shahidi wa upande wa utetezi, na Mama Turfena akaingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kujitanda leso mpaka kwenye nyusi. Alipopita tu mlangoni, Okeyo aligeuka kizimbani akaelekea ukutani.

Kiongozi wa mashtaka akaruka. "Mheshimiwa, mshtakiwa anadharau korti!"

Hakimu akauliza kulikoni. Okeyo akaongea na ukuta, na Chacha akatafsiri. "Anasema hadharau mtu, mheshimiwa. Anasema yule ni mama mkwe wake na hapa ni mahali pa aibu, kwa hiyo hawezi kumtazama. Anasema masikio yake yako wazi. Anasema pia ukuta huu una mchwa."

Kiongozi wa mashtaka akasema sheria inataka mshtakiwa awepo shahidi anapotoa ushahidi.

"Yupo," hakimu akasema. "Sheria haijasema atazame wapi. Tuendelee."

Mama Turfena akaapa, akaangalia dirisha muda wote. Wakili alimuuliza chumba chake cha kulala kina mlango wa rangi gani. Bibi mmoja karibu yangu alianza kuomba kwa sauti ya chini. Yule mama alikuwa amepanda pikipiki na kuvuka vijiji vyote vinavyomjua, ili aje atamke mbele ya mkwe wake jambo ambalo hata mumewe marehemu hakuwahi kulizungumza nje.

"Hakina mlango," akasema. "Kina pazia la gunia. Mlango wa nini, na mimi naishi peke yangu?"

Fundi, ambaye alikuwa bado ameketi upande wa mashahidi, aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa sandali. Baadaye alishtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo, naye alipewa taarifa zote za mashahidi kabla ya kesi, na nafasi ya kuuliza maswali, na aliyatumia yote mpaka jua likatua. Ni haki yake. Mtu akiwa muongo haina maana korti imwongopee.

Mama Turfena alipomaliza, hakimu aliuliza kama mshtakiwa mwenyewe ana neno. Wakili alitaka kumjibia. Hakimu akasema, "Nimemuuliza yeye."

Okeyo akauambia ukuta. Chacha akasubiri mpaka amalize, akavuta pumzi, akaanza, polepole kama kawaida yake:

"Anasema, mwambieni mama asante kwa kuja. Anasema, anisamehe, kwa ajili yangu chumba chake kimetajwa mbele za watu. Hapo amenyamaza, mheshimiwa. Anafuta pua. Anasema, alipokamatwa alikuwa ameahidi kumwezekea jikoni, na mabati yako kwake nyuma ya nyumba. Anasema akitoka atakuja kuyapiga. Atakaa juu, nje. Hataingia."

"Mheshimiwa," kiongozi wa mashtaka akasema, "hilo si swali. Halihusiani na kesi."

"Ni kweli," Chacha akasema. "Lakini ndivyo alivyosema."

Hakimu akaandika. Nilimtazama akiandika mstari mmoja, wa pili, wa tatu, na hapo nikaanza kulia, mimi niliyeendesha kesi nyingi zikaisha kabla ya chai. Nililia kwa kelele mpaka askari akaniangalia. Mama Turfena, akiwa bado amelikazia macho dirisha, akasema kitu kwa Dholuo, neno au mawili, na Chacha akamgeukia hakimu.

"Shahidi anasema, mheshimiwa, jikoni bado kunavuja."

Hilo nalo likaandikwa. Wiki yangu ya mwisho kazini nililitoa faili stoo, nikapuliza vumbi na kutazama. Neno la jikoni bado limo, kwa mwandiko wa hakimu, mahali ambapo pangeandikwa kwamba hana swali.